Watoto wa Viunga vya Dar es Salaam Wachezee Wapi?

Mtu anayekwenda kutazama kiwanja Goba, Chanika au Kigamboni huwa na maswali yake tayari. Maji yamefika? Nguzo ya umeme iko umbali gani? Mvua za masika zikinyesha gari linapita? Shule na zahanati ziko wapi? Ni nadra kumsikia akiuliza watoto wa mtaa ule wanachezea wapi. Swali hilo hujitokeza miaka miwili mitatu baadaye, nyumba imeshaezekwa na familia imeshahamia, pale mtoto anaposhinda ndani mbele ya runinga kwa sababu upande mmoja kuna barabara ya bodaboda na upande wa pili kuna ukuta wa jirani.

Hapo ndipo mzazi anapoanza kuulizia "sehemu ya watoto". Wenzake humtajia hoteli ya ufukweni, baa yenye bembea, duka kubwa lenye mashine za sarafu. Mimi nina watoto na naishi kwenye viunga hivi hivi, na baada ya kulifuatilia jambo hili kwa muda nimefikia msimamo mmoja. Wengi wetu tunatafuta bembea, ilhali kilichopungua ni ardhi. Na ardhi yenyewe mara nyingi ipo kwenye mchoro wa mipango miji ila haina wa kuilinda.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na wengi wa wanaojenga wamekimbilia pembezoni, kwa kuwa katikati ya mji hakuna tena pa kujenga kwa bei ya mshahara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomtoa jasho. Wa miaka 3 na 4 anahitaji dakika 180 za kujishughulisha na mwili wake, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Dakika 180 ni saa tatu. Saa tatu za kujishughulisha hivyo hazipatikani sebuleni.

Namna jiji lilivyokua inaeleza mengi. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa rangi za watu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi ili litenganishe Kariakoo na mji wa Wahindi. Nafasi iliyoachwa kwa sababu ya ubaguzi ndiyo hiyo ambayo leo ni miongoni mwa viwanja vichache vya umma vya kupumulia katikati ya jiji, na hapo jirani, Kidongo Chekundu, ndipo kilipofunguliwa mwaka 2015 kituo cha michezo cha vijana chenye jina la aliyekuwa Rais, Jakaya Kikwete. Baada ya uhuru, kuanzia mwaka 1974, ulikuja mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa kwa mradi huo, na mitaa ikachorwa kabla watu hawajajenga. Miaka ya 2000 ukafuata mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Kibada, Tuangoma, Buyuni, Mbweni na Bunju. Katika maeneo ya aina hii mchoro huwa umetenga maeneo ya wazi. Mzazi anayeishi huko ana pa kuanzia.

Sehemu kubwa ya jiji, hata hivyo, haikuzaliwa hivyo. Chukua Kimara au Goba. Mwenye shamba la mikorosho au minazi alikata kipande akamuuzia mtumishi, mwaka uliofuata akakata kingine, na mauziano yakaandikwa kwenye karatasi mbele ya mjumbe na mashahidi. Kila mnunuzi alihakikisha ana njia ya kupita, tena kwa kubishana, na njia nyingi ziliishia kuwa za upana wa gari moja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuacha robo eka kwa ajili ya watoto wa watu ambao hata hawajahamia. Hapakuwa na mtu mbaya katika mauziano yale. Kila mmoja alifanya hesabu yake, na jumla ya hesabu zote ikawa mtaa usio na kiwanja. Urasimishaji wa makazi ulipokuja, wapimaji waliwaomba wakazi wamege maeneo yao kwa ajili ya barabara, na hata hilo lilikuwa na ugomvi wake. Kumwomba mtu amege kwa ajili ya kiwanja cha kuchezea, wakati ameshachimba msingi, ni kazi ngumu zaidi.

Sheria nayo imeacha pengo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 ya mkataba huo inatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mzazi au mlezi ana wajibu wa kumpatia mtoto, sambamba na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Nakubaliana na sheria hiyo, lakini tazama ilipouweka mzigo. Mzazi anaweza kumnunulia mtoto sare za shule. Hawezi kumnunulia uwanja. Uwanja ni kitu cha mtaa mzima, na wajibu wake hauna budi kubebwa na mwenye mamlaka juu ya ardhi ya mtaa, yaani halmashauri.

Na hapo penye eneo la wazi, tunalipotezaje? Mara chache linachukuliwa kwa siku moja. Huanza kama dampo, watu wakitupa mabaki ya ujenzi na majani. Likishakuwa dampo, akina mama huwazuia watoto kwenda. Likishakosa watoto, fundi gereji huegesha gari mbovu pembeni, halafu mbili, halafu tano. Baadaye vinatokea vibanda vya mbao, kisha fremu za matofali, na siku moja mtu anajitokeza na hati mkononi, wakazi wakibaki wanaulizana imetolewa lini. Ukipita mitaa yetu kwa jicho hili utazitambua hatua hizo, na utaona kiwanja kipi kiko kwenye hatua ya kuokolewa na kipi kimeshakwenda.

Nairobi walilionja hili kwa uchungu mbele ya dunia nzima. Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 waliandamana pamoja na wanaharakati, wakausukuma ukuta ule, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi wakiwa ndani ya sare zao za shule. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ililirudisha eneo lile kwa shule. Kuna somo moja la kiutawala katika tukio hilo: kilichoiponza shule ni kukosa hati, kwani shule nyingi za umma, kule na hapa kwetu, zilijengwa na kutumika kwa miongo bila kupata hati ya ardhi yake. Kiwanja kisicho na karatasi hulindwa na matumizi peke yake.

Matumizi ni ulinzi mkubwa kuliko tunavyodhani. Mombasa, viwanja vya Makadara hujaa watoto siku za Idi, na Unguja viwanja vya Mnazi Mmoja vina desturi hiyo hiyo ya sikukuu: pembea, vitu vya kuchezea, vyakula, watoto wamevaa nguo mpya. Kiwanja chenye siku zake katika kalenda ya watu kina wenyewe maelfu, na anayetaka kukijengea anajua atakutana nao. Mitaa yetu mipya haina kalenda ya namna hiyo, na ingeweza kuianzisha kwa gharama ya mpira mmoja na kamba mbili kila Jumamosi.

Sasa, mzazi anapolinganisha maeneo mawili matatu, atazame nini? Mimi naweka njia ya kufika mbele ya vyote. Uwanja mzuri ni ule ambao mtoto wa darasa la tatu anaufikia kwa miguu yake bila kuvuka barabara kubwa. Ukiwa na bembea nzuri lakini uko ng'ambo ya barabara ya lami yenye daladala na bodaboda, huo ni uwanja wa watu wazima wenye muda wa kusindikiza. Njia za watoto zinaweza kurekebishwa kwa vitu vidogo, na jiji letu lina ushahidi wake. Shirika la Amend liliweka matuta, vivuko, alama na njia za waenda kwa miguu karibu na shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika. Utafiti ulionesha majeruhi wa barabarani miongoni mwa watoto wakipungua kwa hadi asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji. Tuta moja mahali panapostahili lina faida kwa watoto kuliko bembea tatu mahali wasipofika.

Baada ya njia, tazama chini. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu halmashauri zetu na hata wafadhili wenye nia njema hukosea sana. Wakitaka kuboresha eneo, humwaga zege au kupanga vitofali vya pavingi, picha zinapigwa, utepe unakatwa. Nenda kaangalie wasichana wakicheza rede saa kumi na moja jioni. Wawili wamesimama kama hatua 10 kila upande, wana mpira wa soksi uliojazwa matambara. Wa tatu yuko katikati na chupa, anapiga magoti, anachota mchanga kwa kiganja na kuujaza, huku jicho moja liko kwa mrushaji. Mpira ukija anaruka, anainama, anageuka, halafu anarudi kwenye chupa yake. Lazima aijaze, aimwage, bila kuguswa na mpira. Mchezo mzima unasimama juu ya mchanga. Gololi zinataka kishimo. Mdako unataka kishimo na vijiwe. Kukimbia peku kunataka ardhi isiyochubua magoti. Ukiweka pavingi umefuta michezo minne au mitano kwa mpigo mmoja, na umebakiza sehemu ya kuegesha magari.

Mchanga huo huo ndio kinga. Ajali nyingi kwenye viwanja vya watoto ni za kuanguka, na kinachoamua kama mtoto ataamka akilia au atapelekwa hospitali ni kile anachoangukia. Wataalamu wa usalama wa vifaa vya michezo hutaka tabaka la mchanga laini la takribani sentimita 30 chini ya bembea na ngazi. Dar es Salaam haijakosa mchanga. Kinachotakiwa ni mtu wa kuuchekecha mara kwa mara kuondoa chupa zilizovunjika na misumari, na kuurudisha pale miguu ya watoto inapoutimua na kuacha kibonde kigumu chini ya bembea.

Kwenye vifaa vyenyewe, chukua dakika tano kabla mtoto hajapanda. Tikisa nguzo: ikicheza kwenye udongo, ondoka. Tazama juu pale mnyororo unaponing'inia, maana chuma husagika hapo kwanza na hewa ya chumvi ya pwani hukimaliza haraka. Angalia nafasi kati ya vyuma. Zilizo kati ya sentimita 9 na 23 ni za hatari, kwa kuwa kiwiliwili cha mtoto mdogo hupenya na kichwa kinakwama. Bembea iwe na uwazi mbele na nyuma, kila upande mara mbili ya kimo chake, hivyo chuma cha juu kikiwa mita 2 kutoka kwenye mchanga, pawe na mita 4 mbele na 4 nyuma zisizo na ukuta wala njia ya kupita. Mtelezo wa bati unaotazama jua la saa nane mchana huunguza mapaja; uguse kwa kiganja kwanza. Usiteleze ukiwa umempakata mtoto, hata kama analilia hivyo, kwani mguu wake ukinasa ukingoni uzito wako ndio utakaouvunja. Na kabla ya yote hayo zunguka eneo lote kutafuta chemba isiyo na mfuniko na mtaro ulio wazi. Kwa jiji letu hivyo vinanitia hofu kuliko bembea yoyote.

Kivuli kina thamani ambayo wengi huifikiria mwisho. Watoto wetu huanza kutoka baada ya saa kumi jua likipungua makali, na giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mtoto wa shule ya kutwa anayefika nyumbani saa kumi na moja ana saa moja na nusu tu. Mwembe au mkungu mmoja mkubwa huufungua uwanja huo kuanzia asubuhi siku za mapumziko, na huwapa mama na dada wa kazi pa kukaa. Palipo na pa kukaa, pana macho ya watu wazima, na hakuna uzio unaoshinda macho hayo. Ninapolazimika kuchagua kati ya eneo lenye vifaa vipya bila mti na eneo tupu lenye miti mitatu, nawapeleka wangu kwenye miti.

Kuna jambo la wasichana ambalo halina budi kusemwa wazi. Nenda kwenye kiwanja chochote cha mtaa saa kumi na moja na nusu: chandimu imekamata eneo lote, magoli ya matofali huku na huku, na rede imesukumwa kwenye ukingo karibu na barabara. Wakifika miaka 10 au 11 wasichana wengi hawaonekani tena. Wako jikoni au wanachota maji, na hata walio na nafasi hawana pa kusimama. Mji wa Vienna, Austria, uligundua mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba wasichana wake nao walikuwa wanapotea kwenye bustani za umma katika umri huo huo, ukabadilisha michoro ya baadhi ya bustani: maeneo yakagawanywa, njia zikaongezwa, michezo ikachanganywa, na wasichana wakarudi. Mtaa wetu hauhitaji mhandisi kwa hilo. Unahitaji kukubaliana kwamba theluthi moja ya uwanja si ya mpira wa miguu. Vivyo hivyo kwa mtoto wa kiti cha magurudumu: njia moja ngumu kutoka getini hadi kivulini inamwingiza kati ya wenzake.

Maeneo ya kulipia sitayakalia sana. Kunduchi na Kigamboni yapo ya maji na bembea kubwa, na maduka makubwa yana kona zake. Baa na migahawa ya viungani nayo imeweka majumba ya hewa ya kurukia ili mzazi akae aagize kingine. Kwa sikukuu ni sawa. Lakini piga hesabu ya kiingilio, nauli au mafuta, soda na chipsi kwa watoto watatu, utaona kwamba familia ya kawaida haiwezi kurudia hata mara mbili kwa mwezi. Hayo ni matembezi. Mtoto anahitaji mahali pa kila siku, na anahitaji wenzake anaowajua, wa kugombana nao leo na kupatana nao kesho.

Jibu lililo karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni uwanja wa shule ya msingi. Karibu kila kata ina shule ya serikali, watoto wanaijua njia, na uwanja unakaa mtupu kuanzia jioni, Jumamosi na Jumapili. Walimu wakuu wengi hawapendi kuufungua, na sababu zao ni za kweli: vioo huvunjwa, mabomba huibwa, na mtoto akiumia lawama humwangukia mwalimu. Sababu hizo zinajibika. Kamati ya shule na serikali ya mtaa waandikiane makubaliano ya saa maalumu, tuseme Jumamosi saa mbili hadi saa sita. Madarasa yafungwe, kila zamu iwe na wazazi wawili, na kila kaya inayotumia ichangie kidogo kwa mlinzi na ukarabati. Makanisa na misikiti mingi pia ina viwanja vyenye miti na walinzi. Kuomba ni bure.

Na palipokosekana kabisa eneo kubwa, tusidharau vipande. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jiji la Amsterdam lilimpa msanifu Aldo van Eyck kazi ya kutengeneza viwanja vya watoto kwenye mabaki ya ardhi: pembe za mitaa, mapengo ya nyumba zilizobomolewa, viwanja vidogo vya kati ya nyumba. Cha kwanza kilikuwa Bertelmanplein mwaka 1947. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 vilizidi 700. Vifaa vilikuwa rahisi mno, shimo la mchanga, mawe ya kurukia, vyuma vya kubembea, benchi na miti, na wakazi waliokuwa na kipande karibu nao waliandika barua jijini kukiombea. Goba na Kimara zimejaa vipande vya namna hiyo: pembetatu pale njia mbili zinapokutana, ukingo wa mteremko usiojengeka. Bondeni kwenye mkondo wa maji tusipeleke watoto, kwani masika yake tunayajua.

Basi wiki hii nenda ofisi ya serikali ya mtaa wako, uombe kuoneshwa mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Kama hawana, nenda kwa afisa mipango miji wa manispaa. Unayetaka kununua kiwanja kwenye kampuni ya upimaji, dai mchoro huo kabla ya kulipa hata awamu ya kwanza, uoneshwe eneo la wazi liko wapi kisha ukalikanyage kwa miguu yako. Ukikuta mchoro unasema uwanja na juu ya ardhi pana fremu, wakusanye majirani, andikeni barua kwa mkurugenzi na nakala kwa diwani, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkikuta uwanja bado upo, pelekeni watoto leo jioni.